Njaa Zenye Majina: Kicheko na Kilio katika Historia ya Ukambani

Katika Kikamba, lugha ya wenyeji wa Kitui, Makueni na Machakos nchini Kenya, kucheka ni kutheka, kulia ni kuia, nayo njaa kuu inayokumba nchi nzima huitwa yua. Na anayetaka kujua jinsi kicheko na kilio vilivyokaa nyumba moja huko Ukambani hana budi kuanza na neno hilo la tatu. Ukambani ni nchi ambayo mkulima hutegemea zaidi mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba, kuliko za masika, nazo zikikosekana misimu miwili mfululizo ghala hubaki na vumbi. Kila yua kubwa ilipewa jina lake, na majina hayo, yakipangwa kwa mfuatano, huonyesha kilio kilichojifunza kucheka.

Jina la kwanza halina mzaha wowote. Njaa ya 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, maana yake ile iliyoenea pote, nayo iliwakuta watu ambao sotoka ilikuwa imeshawamalizia ng'ombe, ikaandamana na ndui. Zipo familia zilizowaweka wanawake na watoto rehani kwa Wakikuyu, yaani kuwaacha huko ili zipate chakula, kwa matumaini ya kuwakomboa mvua ikirudi. Si wote waliokombolewa. Mambo yalibadilika kufikia 1961, mwaka ambao ukame ulifuatwa na mafuriko yaliyokata barabara, hata ikabidi chakula cha msaada kidondoshwe kutoka angani: watu wakaiita yua ya ndeke, njaa ya ndege, kana kwamba ndege ndiyo iliyoileta.

Lakini jina lililo kali kuliko yote ni lile la miaka ya mwanzo ya 1980, Nikw'a ngwete, ambalo kwa Kiswahili ni "nakufa nimeshika". Kinachoshikwa hakitajwi, wala hakuna haja ya kukitaja, kwa sababu kila aliyesimama mbele ya duka lisilo na mahindi alikuwa nacho kiganjani, nacho ni fedha. Katika njaa za zamani mtu alikufa kwa kukosa. Katika hii alikuwa na noti zilizokunjwa, pengine alizotumiwa na ndugu aliyeajiriwa Nairobi, na bado hapakuwa na cha kununua. Historia nzima ya Ukambani kuingizwa katika uchumi wa mshahara imo ndani ya maneno mawili, na ni vigumu kumpata mwanauchumi aliyeieleza kwa ufupi zaidi.

Kwamba kicheko si lazima kiwe dalili ya furaha ni jambo ambalo wataalamu wamelikiri kwa muda mrefu. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, aliona kwamba uso uliolowa machozi baada ya kicheko kikubwa ni vigumu kuutofautisha na uso wa aliyetoka kulia kwa uchungu. Mwaka uliofuata ule wa njaa ya ndege, mnamo Januari 1962, wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba huko Tanganyika, walishikwa na vicheko vilivyopokezana na vilio, visivyo na kichekesho chochote; kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95, shule ikafungwa, na madaktari waliowapima hawakuona ugonjwa wowote mwilini. Tofauti ni kwamba kicheko cha Kashasha kiliwatawala waliocheka, hali cha Ukambani kilitawaliwa na wachekaji, kikawekwa katika jina na kurithishwa.

Desturi hiyo ya kugeuza kilio kuwa kicheko ilikuwepo kabla ya njaa hizo. Zamani maiti wengi, isipokuwa wa wazee wenye heshima, walipelekwa msituni wakaachiwa fisi, na ni fisi huyohuyo ambaye katika hadithi za jioni ndiye mlafi na mjinga wa kuchekwa na watoto. Tena wazazi waliofiwa na watoto mfululizo waliweza kumwita anayefuata Mbiti, yaani fisi. Aliyewala wafu akageuzwa kuwa mzaha, kisha mzaha ukageuzwa kuwa kinga ya mtoto.

Majina ya njaa, kwa upande wao, yaliingia hata katika kazi za serikali. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa akiulizwa umri wake hutaja yua aliyozaliwa wakati wake, na makarani wa sensa nchini Kenya wamekuwa wakitumia orodha za matukio ya kila eneo kukadiria umri wa watu wa namna hiyo.