Ujiji na Reli ya Kati: Mji Ulioachwa Kando

Katika karne ya kumi na tisa, njia kuu ya misafara kutoka pwani ilipita Tabora na kuishia Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Hapo pembe za ndovu na watumwa waliuzwa, na nguo na shanga zikabadilishwa kwa chumvi ya Uvinza na mafuta ya mawese. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone huko, baada ya kuwalipa watawala wa Buha hongo mara kadhaa, na mwishowe kupita kwa siri usiku ili asidaiwe tena. Basi ustawi wa Ujiji ulitegemea pia ridhaa ya wenyeji wa nyanda hizi.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikafika ziwani, mwendo wa kilometa zipatazo 1,250. Lakini haikuishia Ujiji. Pwani ya Ujiji haina kinga dhidi ya mawimbi na maji yake ni ya kina kifupi. Tena ziwa lilikuwa limepungua tangu maji yalipofungua mkondo wa mto Lukuga katika miaka ya 1870. Kwa hiyo ilichaguliwa ghuba ya Kigoma, kilometa chache kutoka hapo, yenye kina kirefu na iliyozungukwa na vilima. Huko ndiko ilikoundwa meli Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande na kushushwa majini mwaka 1915; baadaye ikaitwa Liemba.

Ofisi, maghala na biashara kubwa vikahamia Kigoma, na wapagazi wakakosa mizigo.  Katika miaka ya utawala wa Waingereza, vijana wengi wa Buha waliteremka kwenye stesheni, wakapelekwa kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya mkonge ya mashariki, na nyumbani jembe likabaki mikononi mwa akina mama na wazee.

Ujiji haukufa. Uvuvi, michikichi na miembe ya kale vilibaki pamoja na watu wake, na leo ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Uliponyang'anywa njia, ulibaki na wale waliokuwa na makao hapo. Nazo nyanda za Heru, ambazo reli ile haikuzipanda kamwe, ziliilipia kwa nguvu za vijana wake.