Mbao za Paa na Umeme wa Fezi Tatu

Mgeni aingiapo kanisani huinua macho na kutazama kenchi za paa, lakini ni nadra kuuliza mbao hizo zilipasuliwaje. Wamisionari wa Berlin walipofika Konde mwaka 1891, mbao zilipasuliwa kwa mikono. Gogo liliwekwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu yake na mwenzake chini, akipokea unga wa mbao machoni. Nyanda hizi za Unyiha, Itaka ikiwamo, ziliufahamu msumeno huo kwa miaka mingi.

Umeme ulitangulia kuwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, katika karakana za reli za Wajerumani. Gridi ya Taifa ilifika Mbeya katika miaka ya 1980, na Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zikazidi kusogea vijijini. Hapo ndipo wengi walipodhani kwamba shimo la kupasulia limekwisha kazi.

Lakini umeme wa taa si lazima uwe umeme wa kupasua magogo. Nyumba hutosheka na fezi moja ya volti 230. Mashine kubwa ya mbao huhitaji fezi tatu, zenye volti 400 kati ya fezi na fezi, na si kila laini ya kijijini inazo. Zaidi ya hayo, kila mota ina kibati chake. Kikiandikwa 230/400, koili huungwa kwa mtindo wa nyota, ili kila moja ipate volti 230. Kikiandikwa 400/690, huungwa kwa delta, kwa kuwa koili zake zimesukwa kwa volti 400. Mota hii ya pili ikiungwa kwa nyota, nguvu yake hushuka hadi kama theluthi moja, na msumeno hukwama ndani ya gogo. Mashine za zawadi kutoka Marekani zina jambo lake: zimeundwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde, nasi tuna 50, hivyo huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita.

Mwandishi wa makala haya alishuhudia kosa la kinyume katika usharika mmoja usio wa hapa. Mota ilikuwa ya kilowati 11, nayo kibati chake kilisomeka 230/400. Fundi, aliyeharakishwa na kamati (nami nilikuwa mmoja wa waliomharakisha), akaiunga kwa delta. Fyuzi ikakatika mara mbili. Mara ya tatu akaweka waya mnene mahali pake. Gogo la kwanza halijafika katikati, moshi ukatoka. Fedha zilizoungua zilikuwa sadaka za mavuno za washarika, nayo masika ilikuwa imekaribia na ukuta ukiwa wazi.

Iligunduliwa pia kwamba waya kutoka transfoma ulikuwa mwembamba na mrefu kupita kiasi. Mota ikifanya kazi nzito, volti hushuka; volti zikishuka, mota huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto. Hata kama ingeungwa sawasawa, isingedumu.

Mota ilipelekwa mjini kusukwa upya. Kabla haijarudi, wazee wawili walikwisha kufukua shimo la zamani nyuma ya ghala na kupasua mbao zilizobaki za kenchi.