Mgeni Akija Bagamoyo, Tumwanzishie Wapi?

Ndugu zetu wana-Bagamoyo, kila tulipo Dar es Salaam wenzetu wa kazini hutuuliza: nikienda kwenu Jumamosi, nione nini? Wengi wetu tunajibu haraka: Boma la Wajerumani, halafu ufukweni, halafu hotelini. Jibu hilo linaianza historia yetu mwishoni. Boma ni la 1897, miaka 6 baada ya Wajerumani kuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam.

Mwanzisheni mgeni Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji, asubuhi kabla jua halijawa kali. Pale pana magofu ya misikiti miwili, mkongwe wake ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Watu wa pale walifanya biashara ya baharini kabla Mreno hajapita pwani hii.

Kisha mpelekeni Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanza 1868. Ataoneshwa mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Mtajieni pia Chuma, Susi na wenzao walioubeba miezi 9 kutoka Chitambo, ambayo leo iko Zambia. Sisi wa hesabu tunampenda zaidi Jacob Wainwright, aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu kabla msafara haujaondoka.

Kwenye Caravan Serai kuweni waangalifu. Watumwa walipita katika mji huu wakauzwa, na hilo tusilifiche. Lakini pembe nyingi za ndovu zilifika mabegani mwa wapagazi huru, hasa Wanyamwezi, waliolipwa ujira na kupiga kambi hapa wakisubiri safari ya kurudi bara. Mgeni akisikia nusu moja tu, anaondoka na mji ambao si wetu.

Mchana ni wa samaki wa kukaanga pale bandarini, penye majahazi. Hapo hamhitaji maelekezo.

Lililobaki ni Mtaa wa India, na hapo ndipo tunapoona haya. Mwaka jana tulikwenda na mgeni. Alisimama mbele ya nyumba yenye mlango wa nakshi, ndani mti umeota sebuleni, akauliza: hii ya nani? Kijana aliyekuwa akituongoza alitutazama sisi. Alijua. Ni ya watu wetu, warithi kadhaa, wengine Dar, wengine Muscat, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa fedha kwa mali ya wote.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likiwepo, ukuta unadumu. Paa likiondoka, mvua inalainisha chokaa, boriti zinaoza, na masika machache yanatosha kuangusha ghorofa. Kuezeka mapema ni gharama ndogo kuliko kujenga upya, na baada ya ukuta kuanguka hakuna tena cha kumwonesha mgeni.

Mchango wa mwaka huu ni wa bati, boriti na chokaa, kwa nyumba ambazo warithi wake wamekubaliana kwa maandishi, na kazi itafanywa kwa kibali cha Mambo ya Kale. Kama nyumba yenu bado ina mvutano, njooni na wazee wenu, tukae tuzungumze. Daftari la mapato na matumizi liko mezani mlangoni. Kila mtu alifungue. Tunataka mafundi wawe juu ya paa kabla ya masika.