Ushahidi wa Mkalimani: Juu ya Haja ya Jumuiya ya Wakalimani wa Lugha ya Alama Shuleni

Katika hukumu iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 28 Juni 1982, imo habari fupi ambayo wanasheria huipita upesi, nami kila niisomapo naiona kuwa ndiyo kiini cha shauri lote: ya kwamba binti kiziwi, Amy Rowley, alipokuwa katika darasa la chekechea, aliwekewa mkalimani wa lugha ya alama kwa majaribio ya majuma mawili, na majuma hayo yalipokwisha, mkalimani yule akatoa taarifa kwamba mtoto kwa wakati ule hakuhitaji huduma yake.

Shule aliyosoma Amy, katika mji wa Peekskill, jimbo la New York, haikuwa na inda wala dharau. Baadhi ya wakuu wake walihudhuria mafunzo ya lugha ya alama, na katika ofisi ya mwalimu mkuu ikawekwa mashine ya kuandikiana kwa njia ya simu, ili wazazi wa mtoto, ambao nao walikuwa viziwi, waweze kuwasiliana na shule. Mtoto akapewa chombo cha kusikilizia kipokeacho sauti ya mwalimu kwa mawimbi ya redio, na mwalimu wa viziwi kwa saa moja kila siku, na mtaalamu wa matamshi kwa saa tatu kila juma. Wazazi walikubali baadhi ya hayo, wakaomba na la nne, mkalimani wa kukaa darasani. Wakakataliwa, na miongoni mwa hoja za kukataliwa ikawamo taarifa ile ya majuma mawili. Shauri lilipofika mahakama ya mwisho, majaji sita waliamua dhidi ya watatu kwamba, maadamu mtoto anafaulu na kupanda kutoka darasa moja hadi jingine, sheria ya mwaka 1975 ya elimu ya watoto wenye ulemavu haimlazimishi mtu yeyote kumpa mkalimani. Naye Jaji White, akiandika kwa niaba ya wale watatu, akakumbusha kwamba bila mkalimani mtoto yule hufahamu chini ya nusu ya yasemwayo darasani. Tena katika kusikilizwa kwa shauri hilo, wakili wa familia, Michael Chatoff, naye kiziwi, aliwekewa mbele yake kioo ambamo maneno ya majaji yalionekana kwa maandishi kadiri yalivyotamkwa. Mahakama iliyotambua kwamba wakili hawezi kujibu asilolisikia ndiyo iliyotosheka na nusu ya somo kwa mwanafunzi.

Mimi simlaumu mkalimani yule. Nauliza tu: alikuwa shahidi wa jambo gani? Mkalimani ni mwaminifu wa lugha. Aweza kueleza kwa haki ni maneno mangapi ya mwalimu aliyafikisha, na ni yapi yaliyompita kwa sababu watoto watatu walisema kwa pamoja. Lakini kama mtoto wa miaka mitano, asiyezoea kumtazama mtu mmoja huku mwingine akisema, ahitaji mkalimani au hahitaji, hilo si la mtu mmoja kulikatia shauri katika majuma mawili. Kadhi yeyote angemrudisha shahidi avukaye mpaka wa alilolishuhudia. Lakini mpaka huwekwa na watu wa kazi ile wenyewe, waliokaa wakashauriana wakakubaliana, na katika miaka ile mkalimani wa shule alikuwa mtu wa peke yake.

Ni kweli kwamba wakalimani wa Marekani walikuwa na chama tangu mwaka 1964, kilichoasisiwa mjini Muncie, Indiana. Hata hivyo mkalimani wa shule aliendelea kwa muda mrefu kuwa kama mtoto wa kambo. Huajiriwa na mwalimu mkuu asiyejua alama hata moja, hukaguliwa na mkaguzi asiyeweza kumkagua, na anapokosea, ajuaye kosa ni mtoto ambaye hakuna amuulizaye. Ndiyo maana nauhesabu kuwa wa maana zaidi kuliko hotuba nyingi ule mtihani uliobuniwa na Brenda Schick na Kevin Williams kwa ajili ya wakalimani wa shule peke yao, ambamo kazi ya mkalimani hurekodiwa na kupimwa na jopo la watu watatu, kiziwi akiwa mmoja wao, kwa daraja kuanzia sifuri hadi tano. Mwaka 2004 sheria ile ya elimu ikautaja ukalimani bayana miongoni mwa huduma za mtoto, na mwaka 2016 wakalimani wa shule wakaunda chama chao wenyewe cha taifa. Tangu hukumu ile hadi chama hicho ni miaka 34.

Atatokea wa kusema kwamba vyama vya namna hii hutafuta mishahara, na kwamba kuweka kipimo katika nchi yenye wakalimani wachache ni kumnyima mtoto hata huyo mmoja aliye dhaifu. La mshahara silioni kuwa aibu. La pili ni zito, na majimbo ya Marekani yenyewe hayakuafikiana: mengine yametaka daraja la 3.5, mengine la 4.0. Lakini daraja halimfukuzi mtu kazini kwa lazima. Humwambia mzazi ukweli, na mzazi mwenye kuujua ukweli aweza kudai mafunzo kwa ajili ya mkalimani wake.

Kwetu, shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963 na ya Buguruni mwaka 1974, na humo aonyeshaye alama ni mwalimu mwenyewe. Haja ya mkalimani huja pale mwanafunzi kiziwi anapoingia katika shule ya wote, hasa sekondari. Na hapo mkalimani wa Tanzania hubeba mzigo ambao mwenzake wa Peekskill hakuujua, kwani mwanafunzi aliyesoma msingi kwa maandishi ya Kiswahili sasa afundishwa kwa Kiingereza, na mkalimani ampokea mwalimu katika lugha moja, amfikishia mtoto katika ya pili, huku daftari la mtoto likikumbuka ya tatu. Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania aliyoitoa Henry Muzale mwaka 2004 ilikuwa hatua kubwa. Lakini alama ya usanisinuru au ya kipeuo cha pili haitulii kwa kuandikwa kitabuni, bali kwa kukubaliwa na watu wanaoitumia kila siku katika shule mbalimbali, nao hawana baraza la kukutania. Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, ibara ya 120, imeifanya Lugha ya Ishara kuwa miongoni mwa lugha tatu rasmi za Bunge, heshima ambayo darasa la kidato cha kwanza bado lingali likiisubiri.

Baraza hilo la kukutania lisiwe la wakalimani peke yao. Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wasikiao, na wengine hufika shuleni bila lugha yoyote iliyokamilika. Kwa mtoto wa namna hiyo mkalimani huwa, apende asipende, kielelezo chake cha lugha, na wenye lugha hiyo ni viziwi wazima, ambao hapa kwetu wana chama chao, CHAVITA. Nawasihi basi wakalimani walioko shuleni, hata wakiwa wanne katika mkoa mmoja, wakutane na wazee wa viziwi likizo ijayo, na jambo la kwanza waliandike: ni taarifa gani mkalimani atampa mwalimu mkuu juu ya mtoto, na ni ipi hatampa.