Samani za Hatsune

Samani za Hatsune (kwa Kijapani: Hatsune no chōdo) ni seti ya samani na vyombo vya mbao vilivyopakwa laka na kupambwa kwa dhahabu, iliyotengenezwa nchini Japani kwa ajili ya harusi ya Chiyohime mwaka 1639. Leo inatunzwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Tokugawa mjini Nagoya, nayo ni Hazina ya Taifa.

Chiyohime alikuwa binti mkubwa wa Tokugawa Iemitsu, shogun wa tatu wa ukoo huo. Aliozwa kwa Tokugawa Mitsutomo wa Owari akiwa hajatimiza hata miaka mitatu. Mtoto wa umri huo hana haja ya rafu za vitabu wala masanduku ya vipodozi. Vyombo vilionyesha cheo cha baba yake na kuunganisha nyumba mbili.

Utengenezaji

Fundi mkuu alikuwa Kōami Nagashige (1599–1651). Laka ya Kijapani, yaani urushi, ni utomvu wa mti wa familia moja na mwembe na mkorosho, na kama mafuta ya ganda la korosho, huunguza ngozi. Ajabu yake ni kwamba huwa ngumu katika hewa yenye unyevunyevu, si juani. Kwa hiyo kila tabaka huwekwa katika kabati lenye unyevu, kisha husuguliwa kabla ya kupaka jingine. Unga wa dhahabu hunyunyizwa juu ya laka mbichi; mbinu hii huitwa maki-e.

Mapambo yanatokana na sura ya "Hatsune" katika Genji Monogatari, riwaya ya Murasaki Shikibu. Humo mama aliyetenganishwa na bintiye anamtumia shairi la mwaka mpya, akitamani kusikia habari zake. Herufi za shairi hilo zimefichwa kati ya misonobari na miti ya plamu.

Matumizi katika harusi

Katika harusi za tabaka la juu, vyombo vilibebwa kwa msafara hadi nyumbani kwa bwana arusi. Vilivyotangulia ni kaioke, makasha mawili ya makombe ya kuchezea, ambayo wawakilishi wa pande zote mbili walikabidhiana rasmi. Kombe lina maganda mawili, na kila ganda hulingana na mwenzake wa asili tu; hivyo lilikuwa ishara ya ndoa. Kaioke za Chiyohime zimo bado katika seti hiyo.