Pandita Ramabai na Nyumba ya Mukti

Katika vitabu vya historia tunavyosomesha watoto wetu, Bara Hindi hutajwa sana kwa ajili ya biashara: majahazi ya msimu, nguo za pamba, shanga, na rupia. Wanawake wa nchi ile hawatajwi. Napenda kuwaeleza habari za mmoja wao, aliyefanywa yatima wakati wa njaa, kisha akawa mama wa mayatima wa njaa wapatao 2,000.

Jina lake Ramabai. Alizaliwa mwaka 1858 katika msitu wa Gangamula, kusini ya Bara Hindi, katika ukoo wa Mabrahmani, yaani tabaka la makuhani wa dini ya Kihindu. Baba yake, Anant Shastri Dongre, alikuwa mjuzi mkubwa wa Kisanskriti, lugha ya vitabu vyao vitakatifu. Desturi ya siku zile ilimkataza mwanamke kujifunza lugha hiyo. Anant Shastri hakukubali. Alipofiwa na mke wa kwanza alimwoa mtoto wa miaka 9 (hiyo nayo ilikuwa desturi, wala hakuishinda), akaanza kumfundisha. Wenzake walipomshutumu alijitetea kwa vitabu vyao wenyewe, kisha akahamia msituni na mkewe. Mama yule ndiye aliyemfundisha Ramabai, alfajiri, kabla kazi za nyumbani hazijaanza, neno kwa neno, kwa kinywa, mpaka mtoto akaweza kusema kwa moyo maelfu ya beti.

Wanafunzi na wageni walikuwa wengi, mali ikaisha. Jamaa ile ikatoka kuzunguka nchi, toka mahali pa kuhiji mpaka mahali pengine, wakisoma maandiko mbele ya watu na kupewa chakula. Ndipo njaa ilipowakuta. Hawakuzoea kazi ya mikono, na heshima ya kabila lao iliwazuia kuomba. Walikula majani ya mwituni. Mwaka 1874 baba akafa, na mama akamfuata upesi, kisha dada. Ramabai na kaka yake walizika, wakaendelea na safari kwa miguu, maili nyingi mno, wakalala pengine ndani ya shimo walilojichimbia ili wapate joto. Mwaka 1878 walifika Calcutta. Huko wenye elimu walimwita wamjaribu, na yule msichana wa miaka 20 akawajibu kwa Kisanskriti. Wakampa jina la Pandita, yaani mwenye elimu, jina ambalo wanawake hawakuwa wakipewa.

Mambo yaliyofuata nitayapita mbio. Kaka yake akafa mwaka 1880; mwaka huo huo Ramabai akaolewa na wakili Mbengali, asiye wa tabaka lake, kwa kupenda kwake mwenyewe. Wakapata binti, Manorama. Mwaka 1882 mume akafa kwa kipindupindu. Basi akawa mjane mwenye mtoto mchanga, na kwa watu wa tabaka lake mjane alihesabiwa kuwa mkosi. Wako waliokuwa wajane hali hawajafika miaka 10, kwa kuwa waliozwa wangali watoto wadogo. Walinyolewa nywele, wakavikwa nguo duni, wakalaumiwa kwa kifo cha mume ambaye pengine hawakupata kukaa naye siku moja. Ramabai aliona ya kuwa hapo ndipo kazi yake ilipo.

Mwaka 1883 alikwenda Uingereza, akakaa kwa masista wa Wantage, akabatizwa pamoja na binti yake. Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mwanafunzi wa kuitikia tu. Aliwauliza masista maswali mengi, akakataa baadhi ya majibu yao, na barua zake zaonyesha kuwa hakutaka kubadili mabwana wa Kibrahmani kwa mabwana wa Kizungu. Mwaka 1886 akavuka kwenda Marekani, akatazama shule zao, na hasa zile za watoto wadogo zinazofuata njia ya Froebel, ya kufundisha kwa michezo na kazi za mikono. Mwaka 1887 aliandika kitabu juu ya hali ya mwanamke wa Kihindu wa tabaka la juu, na katika mji wa Boston watu wakafanya chama cha kumsaidia kwa miaka 10.

Tarehe 11 Machi 1889 alifungua nyumba Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai. Aliiita Sharada Sadan, maana yake Nyumba ya Elimu. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wawili tu. Mmoja wao, mjane kijana aitwaye Godubai, aliolewa baadaye na mwalimu D. K. Karve, ambaye ndiye aliyeanzisha nyumba yake ya wajane karibu na Pune mwaka 1896, na chuo kikuu cha wanawake mwaka 1916. Karve hakuwa Mkristo. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako wasimulizi wanaohesabu matunda ya Ramabai kwa waliobatizwa peke yao.

Nyumba ikahamishiwa Pune, na hapo ikazuka fitina ambayo yafaa tuitazame kwa utulivu. Ramabai alikuwa ameahidi ya kuwa shule haitamfundisha mtu dini, wala haitamzuia mtu na dini yake. Wasichana wa Kibrahmani walipewa nafasi ya kupika na kula kwa kufuata kanuni za tabaka lao. Lakini Ramabai mwenyewe alikuwa Mkristo, na kila asubuhi alisoma na kuomba pamoja na binti yake chumbani mwake, mlango wazi. Wasichana wakaanza kuingia, wakakaa kimya. Hakuwaita, wala hakuwafukuza. Habari zikafika mjini. Gazeti la Kesari, la Bal Gangadhar Tilak, likamshambulia kwa ukali. Mwaka 1893 washauri wake Wahindu, nao walikuwa watu waungwana, Ranade na Bhandarkar miongoni mwao, wakajitoa, na walezi wengi wakaja kuwachukua binti zao.

Mtasemaje? Mimi naona kuwa mzazi aliyeahidiwa jambo ana haki ya kuuliza kama limetimizwa, awe wa dini yo yote. Wale washauri hawakuwa waovu. Lakini pia siwezi kuona mwanamke aagizwe kufunga mlango wa chumba chake mwenyewe ili aombe kama mwizi. Tena, wale wasichana walikuwa na akili. Kama walikuwa na ruhusa ya kufuata mila ya mama zao, walikuwa na ruhusa ya kusikiliza vile vile. Lililo baya zaidi katika fitina ile, kwa fikira zangu, ni kwamba wajane wale walirudishwa katika nyumba ambazo hawakutakiwa, na waliowarudisha wakajiona wameshinda.

Mwishoni mwa mwaka 1896 njaa ikaanguka katika majimbo ya katikati. Ramabai aliposikia alikumbuka majani ya mwituni. Hakuwa na fedha ya kutosha, wala nyumba ya kutosha. Akaenda. Aliona kambi za wenye njaa, na watu wabaya wakiwazungukia wasichana wasio na wazazi ili kuwapeleka katika maisha ya aibu. Akaazimia kuwachukua 300, akawaleta. Wakati ule ule tauni ilikuwa Pune, na wenye serikali ya mji wakakataza kukusanya watu wengi mahali pamoja. Lakini Ramabai alikwisha kununua shamba la eka 100 mahali paitwapo Kedgaon, kadiri ya maili 40 toka Pune, ili matunda yake yapate kusaidia shule. Akawapeleka huko. Walikaa kwanza katika vibanda na hema, huku visima vikichimbwa na kuta zikipandishwa. Mahali pale akapaita Mukti, yaani wokovu, au kufunguliwa.

Mwaka 1900 njaa nyingine ikapiga Gujarat, na hesabu ya waliotunzwa Mukti ikakaribia 2,000. Tufikiri kazi hiyo. Mwalimu aliyepata kupokea mtoto aliyepona njaa ajua: huficha chakula chini ya mkeka, huogopa kulala, hujibu wema kwa hasira, na hujua hila za kujiokoa ambazo si rahisi kuziacha. Watoto kama hao kwa mamia! Ramabai aliwaweka wakubwa kuwatunza wadogo, na kila mtu akapewa kazi: kulima, kukamua ng'ombe, kukamua mafuta, kufuma nguo, kushona, kufua, kupiga chapa. Vipofu walifundishwa kusoma kwa vidole. Walioanguka katika aibu walijengewa nyumba yao, Kripa Sadan, Nyumba ya Huruma. Aliyeona jinsi wazazi wake walivyokufa kwa sababu hawakujua kazi ya mikono hakutaka msichana ye yote atoke kwake bila kujua moja.

Wako wasemao ya kuwa mtoto hakui vema katika umati, naye ahitaji jiko dogo na mama mmoja. Ni kweli, na nchi nyingi zimeacha nyumba kubwa za mayatima kwa sababu hiyo. Lakini mwaka 1897 jamaa za wale wasichana zilikuwa zimekufa au zimetawanyika, na katika kambi zile waliokuwa tayari kuwachukua ni wale wafanya biashara ya aibu.

Miaka yake ya mwisho Ramabai aliifanya kazi ya kufasiri Biblia yote katika Kimarathi chepesi, toka Kiebrania na Kiyunani, kwa sababu ile iliyokuwako ilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu yasiyofahamika na mwanamke wa shamba. Manorama, aliyekuwa mkono wake wa kuume, akafa Julai 1921. Mama akaendelea kusahihisha kurasa. Akafa tarehe 5 Aprili 1922, kazi ya kufasiri ikiwa imekwisha. Herufi za kitabu kile zilipangwa na wanawake wa Mukti katika mtambo wao wenyewe.