Waludaiti: Mafundi Waliovunja Mitambo

Mtu akiikataa mashine mpya ambayo wenziwe wameipokea kwa furaha, wasemao Kiingereza humwita Ludaiti, wakikusudia kwamba ni mkaidi, mjinga wa mambo ya zama zake. Lakini tarikhi ya wale waliolichukua jina hilo kwanza yatupa habari iliyo mbali kabisa na dhana hiyo.

Hao walikuwa wafumaji wa soksi wa Nottinghamshire, Uingereza, na mtambo wa kufumia haukuwa mgeni machoni pao, kwani ulibuniwa mwaka 1589 na kasisi William Lee wa Calverton, katika jimbo lilo hilo, na kwa zaidi ya karne mbili baba alimrithisha mwana ujuzi wake. Kilichowaghadhibisha ni kwamba, katika siku ambazo vita vya Napoleon vilikuwa vimedhoofisha biashara na kupandisha bei ya chakula, baadhi ya matajiri walitumia mitambo mipana kufuma vitambaa vya kukatwa na kushonwa viwe soksi hafifu, zifumukazo upesi, huku wakipunguza ujira na kuwaajiri wasiohitimu ufundi. Wala hapakuwa na njia nyepesi ya kudai haki, maana sheria za 1799 na 1800 zilikuwa zimeharimisha vyama vya wafanyakazi.

Mnamo Machi 1811, katika kijiji cha Arnold, mitambo ikaanza kuvunjwa, na barua za vitisho zikatolewa kwa jina la Ned Ludd, jemadari wa hadithi tu. Hawakuvunja kila walichokikuta. Mara nyingi mtambo wa tajiri aliyelipa ujira wa haki uliachwa salama. Ghasia zilipoenea Yorkshire na Lancashire, serikali ilipeleka maelfu ya askari, na mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria ya kumhukumu kifo avunjaye mtambo, ijapokuwa Lord Byron, katika hotuba yake ya kwanza Bungeni tarehe 27 Februari, aliwatetea kwa kueleza dhiki iliyowasukuma. Januari 1813, watu 17 walinyongwa mjini York kwa makosa ya ghasia hizo.

Basi si insafu kulifanya jina lao kuwa tusi. Waliijua mitambo kuliko wengi walioimiliki, na suala lao, la nani apate faida ya chombo kipya na nani aachiwe hasara yake, lilistahili mashauriano. Likajibiwa kwa kitanzi.